Wanokesa Wameitika

Kitu cha kwanza alichokiona Twyla Oster ni viatu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na kila aliyepita lango namba sita alikuja na tope la uwanja wa kuegeshea magari. Viatu vya yule bibi vilikuwa vya ngozi laini, vimeshonwa kwa mkono, na vilikuwa vikavu. Vilikuwa na vumbi jekundu, na vumbi jekundu halipatikani Mill Prairie wala popote pale Indiana.

Kazi ya Twyla ilikuwa kuchana tiketi kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Chuo cha Thornbury. Aliipenda kwa sababu haikutaka maneno. Mtu ananyoosha tiketi, wewe unaichana, unamrudishia kipande chake, basi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na hajawahi kupaza sauti mbele za watu. Shule aliiacha darasa la tano, pale mwalimu alipomsimamisha asome na sauti ikagoma kutoka. Mama yake alimchukua wakafue pamoja nguo za watu, na shule haikumuulizia.

Bibi hakuwa na tiketi. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wenzake, wanaume kwa wanawake, wengine wamejitanda blanketi, mmoja amevaa koti la suti na miwani ya waya. Upepo ulipita katikati yao bila kugusa unywele wa mtu.

"Tiketi, bibi," alisema Twyla kwa sauti ndogo.

"Sina, mwanangu. Tumeitwa."

Twyla alimwita mkuu wa malango, Duane Kessler, ambaye alikuwa mwenye bucha kabla ya kustaafu na bado alitembea kama mtu aliyebeba paja la ng'ombe begani.

"Wanasema wameitwa," Twyla alimnong'oneza.

"Na nani?"

Bibi alinyoosha kidole kuelekea ndani. Wakati huo huo uwanja ulikuwa ukiiita timu yake, iliyopewa jina la Wanokesa, wenyeji wa asili wa nchi ile, kama unavyoita kila mechi tangu enzi za babu zao. Jukwaa la mashariki linapiga kelele, "Nokesa, inukeni!" La magharibi linajibu, "Nokesa, njooni!" Ngoma kubwa inapigwa, kisha wanaanza upya, mpaka mishipa ya shingo iwatoke.

"Na hao," alisema bibi.

Duane aliwatazama. Aliona kwamba ni marehemu, kwa sababu alikuwa amezika jamaa wengi na alijua wanavyosimama.

"Marehemu mke wangu mwenyewe angelipa kiingilio hapa," alisema. "Ila leo ni Jumamosi ya Kurudi Nyumbani. Wote waliosoma hapa zamani wanaingia bure. Nyinyi mlisoma hapa?"

"Tulilima hapa," alisema bibi.

Duane alijikuna kidevu. "Inakaribiana," alisema. "Wapitishe, Twyla."

Wakapita. Hakukuwa na cha kuchana, kwa hiyo Twyla aliwapa kila mmoja mkono.

Walikaa safu za juu za jukwaa la mashariki, wakazijaza kutoka ngazi hadi ngazi. Hawakula bisi wala soseji. Walitazama vijana wenye helmeti wakigongana uwanjani, na kila mchezaji alipoanguka, mzee mwenye miwani alisimama kidogo kuona kama atainuka.

Shida ilitoka kwa Bwana Gaylord Pruitt, tajiri wa mahindi aliyekinunulia chuo ubao wa matokeo, ambaye kiti chake cha familia kilikuwa safu ya juu kabisa.

"Hawa ni nani wananikingia?" aliuliza.

"Ni Wanokesa, mzee," alisema Duane.

"Wanokesa gani hawa? Hawafanani hata kidogo. Huyu amevaa miwani."

"Ndivyo wanavyosema wenyewe."

"Mimi nawaheshimu Wanokesa kuliko mtu yeyote katika mji huu," alisema Bwana Pruitt, na ni kweli, alikuwa na sura ya Mnokesa kwenye kofia, kwenye soksi na kwenye kifuniko cha tangi la gari. "Waambie wainamishe vichwa."

Walipoambiwa, waliinamisha.

Wakati wa mapumziko alitoka Chifu, mwigizaji wa timu anayevaa kama Mnokesa. Mwaka ule Chifu alikuwa kijana wa mfuga nguruwe, mwenye nywele za rangi ya majani makavu, amepakwa rangi nyekundu usoni na kuvikwa manyoya ya bata mzinga kutoka kichwani hadi visigino. Aliruka, akazunguka, akapiga magoti, akainua mikono mbinguni. Uwanja mzima ulisimama. Akina mama walifuta machozi.

"Yule kijana ameumwa na nyigu?" bibi alimuuliza Twyla, aliyekuwa amepanda kuokota vikombe.

"Hapana, bibi. Anawaigiza nyinyi."

Bibi alitazama tena, kwa makini, kama mtu anayetafuta sura yake kwenye picha ya harusi ya jirani. "Haya," alisema.

Mechi iliisha, Thornbury walishinda, watu wakaenda nyumbani. Wanokesa walibaki wamekaa. Twyla alifagia jukwaa lote kuwazunguka, na alipofika kwenye miguu ya bibi alishindwa kumwambia ainuke.

"Mechi imeisha, bibi," alisema.

"Tumeona. Sasa tunangoja."

"Mnangoja nini?"

"Tuambiwe tulichoitiwa." Bibi alisogea ili Twyla akae. "Usikatae wito, kataa neno. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuita, unaitika, unakwenda, unasikiliza. Ukitaka kukataa, utakataa ukishasikia. Lakini kuondoka kabla hujaambiwa, hiyo siyo adabu. Hata njia yenyewe haifunguki."

"Mbona hamkuja siku zote? Wanaita tangu zamani."

"Tulisikia tangu mara ya kwanza. Ila ni mbali, mwanangu. Askari walitupeleka mbali. Tulivuka mto mkubwa tukitembea, na kurudi ni kutembea vilevile." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa sokoni. "Njiani tuliwakusanya waliolala njiani. Hao walitaka kupumzika kwanza."

Bibi aliunyooshea kidole mstari mweupe uliochorwa kwenye nyasi.

"Pale palikuwa na maharage yangu," alisema. "Udongo wa pale haujawahi kuninyima kitu." Halafu akageuza kichwa kuelekea magharibi, akatega sikio. "Sitaki kukaa sana. Nimemwacha mjukuu wangu kwa jirani. Alilala nilipoondoka. Nilimwambia jirani, nimeitwa, narudi sasa hivi."

Jumatatu mkuu wa chuo, Dk. Marjorie Haldane, alipanda jukwaani akiwa na skafu za chuo za kuwagawia wageni. Wakili wa chuo alimfuata hatua moja nyuma. Bibi aliivaa skafu, akashukuru, akauliza, "Mama, mmetuitia nini?"

Dk. Haldane alifungua kinywa. Wakili alimgusa kiwiko.

"Chuo cha Thornbury kinathamini sana mchango wenu," alisema Dk. Haldane.

"Ahsante. Mmetuitia nini?"

"Nyinyi ni sehemu ya historia yetu."

"Sawa, mama. Tumekuja. Tufanye nini?"

Wakili alikuwa ameshamweleza ofisini. Mkisema mliwaita kwa jambo fulani, itabidi mlitimize jambo hilo. Mkisema mliwaita bure, mtakuwa mmekiri kosa. Dk. Haldane alimpa mzee mwenye miwani skafu ya pili, na wakashuka.

Mji uliwazoea. Wenye mbwa walipita na mbwa wao, wanafunzi walikwenda kusomea karibu nao kwa sababu palikuwa kimya. Watalii waliokuja kupiga picha waliwaomba Wanokesa wasogee kidogo ili wao wapige picha na Chifu. Kila mechi uwanja uliita upya, "Nokesa, njooni!" na kila mara lango namba sita lilipata wengine wachache, wenye vumbi jekundu, waliokuwa na mwendo wa polepole. Duane aliacha kuuliza. Alimwambia Twyla awape mkono tu.

Mtu mmoja alikumbuka kwamba kuna Wanokesa walio hai, huko Oklahoma walikopelekwa na askari, na kwamba wamekuwa wakiomba jina lao liachwe tangu Dk. Haldane alipokuwa mwanafunzi. Dk. Haldane akapiga simu. Aliyepokea ni mwenyekiti wa baraza lao, Bi. Georgeann Littlecrane, na kwa kuwa simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, hata mfagiaji wa korido alisikia.

"Tuna jamaa zenu hapa," alisema Dk. Haldane. "Tulikuwa tunauliza kama mnaweza kuja kuwachukua."

"Nani kawaita?"

"Ni, tuseme, ni desturi ya shule."

"Dada yangu, mimi sikuwaita. Nikiwaita mimi nitawapikia. Aliyewaita awaambie alichowaitia, wataondoka wenyewe, ni watu wenye adabu sana. Nyanya yangu yupo hapo? Mfupi, anapenda kukaa pembeni?"

"Sina hakika."

"Muulizeni jina lake basi," alisema Bi. Littlecrane, akakata simu.

Wiki hiyohiyo ilifika barua ya chama cha michezo ya vyuo. Timu yenye jina la taifa la watu haitacheza fainali. Thornbury walikuwa hawajafika fainali tangu baba yake Duane ana nywele, na mwaka ule walikuwa wanashinda.

Mkutano ulifanyika ukumbini, na wote walizungumza isipokuwa Twyla na Wanokesa.

"Watu wa nje hawatatufundisha tumheshimu nani!" alisema Bwana Pruitt. "Huu ni urithi! Babu yangu aliita, baba yangu aliita, mimi nimeita mpaka daktari akanikataza!"

"Kwani wenyewe wamesema nini?" aliuliza mama mmoja.

"Wenyewe wapi?"

"Hao walioko jukwaani."

"Hao wameulizwa kama wanataka skafu, na wamezipokea," alisema Bwana Pruitt.

Wakapiga kura. Urithi ulishinda. Halafu kijana wa timu akauliza kama fainali itaonyeshwa kwenye televisheni, akaambiwa ndiyo, nchi nzima, na kura ikapigwa tena.

Chuo kilimleta mtaalamu wa majina kutoka Chicago. Alikaa hotelini, akala nyama choma ya mji, akarudi na jina ambalo alisema halimhusu mtu yeyote na haliwezi kumuudhi mtu yeyote. Thornbury sasa wangeitwa Dhoruba. Chifu alivuliwa manyoya na kuvikwa wingu la sponji. Jukwaa la mashariki lilifundishwa kuita, "Dhoruba, inuka!" na la magharibi, "Dhoruba, njoo!"

Ikaja.

Ilifika lango namba sita kipindi cha kwanza, nyeusi, ikinguruma tumboni. Duane aliisimamisha.

"Una tiketi wewe?"

Ilipita juu ya ukuta. Ilikaa jukwaa la kaskazini, ikalowesha waliokuwepo, ikachukua kofia ya Bwana Pruitt na sehemu ya ubao wake wa matokeo. Haikuuliza imeitiwa nini. Dhoruba hazina malezi hayo. Mechi iliyofuata waliita tena na ikaja tena, na chuo kikaanza kuuza makoti ya mvua yenye picha ya wingu, na mji ukakubaliana kwamba ni hali ya hewa ya kawaida kwa msimu ule. Juu ya viti vya wafadhili pakajengwa paa.

Dk. Haldane alitangaza kwamba suala limefungwa. Jina limebadilika, kila mtu ameridhika. Wazee bado waliita "Nokesa" kwa ukaidi kila Thornbury walipobanwa, na duka la chuo lilihamishia kofia za zamani kwenye rafu iliyoandikwa Urithi, ambako zilikwenda haraka kuliko makoti.

Wanokesa walibaki wamekaa, mvua ikiwapita pembeni. Lakini bibi hakuwa akitazama mpira tena. Alikuwa amegeukia magharibi moja kwa moja.

"Ameamka," alimwambia Twyla. "Analia. Jirani hajui kumbembeleza, anamrusharusha."

"Nenda tu, bibi. Nani atakuona?"

"Nimeshajaribu, mwanangu. Nikifika langoni najikuta nimekaa hapa. Mwambie aliyeniita anipe neno langu. Hata liwe baya."

Twyla alimfuata Duane kwenye kibanda chake. Ilimchukua muda kuanza.

"Duane, wewe huwa unaita," alisema.

"Tangu nipo tumboni."

"Basi mwambie bibi uliwaitia nini. Aende kwa mtoto."

Duane aliweka kikombe chake mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anawapa Wanokesa mkono kwa mikono yote miwili.

"Nitamwambia nini, Twyla? Kwamba nilikuwa napiga kelele tu? Maisha yangu yote nimesimama pale na baba yangu pembeni, tumeshikana mabega, tunaita mpaka machozi yanatoka. Nikimwambia yule bibi ilikuwa bure, basi mimi nilikuwa nafanya nini?" Alitazama dirishani. "Halafu Pruitt atanifukuza. Mwambie wewe."

Twyla alirudi jukwaani. Alimwambia bibi amejitolea kusema yeye.

Bibi alimshika mkono kwa huruma. "Wewe hukuita," alisema. "Mji mzima niliusikia, mpaka mchungaji, mpaka watoto wa shule. Wewe sikukusikia hata mara moja. Asiyeita hawezi kuruhusu."

Uwanjani vijana waligongana. Ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani, na uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi.

"Bibi," alisema Twyla, "jina lako nani?"

Bibi alishangaa, na huyo ndiye mtu pekee aliyeshangaa Mill Prairie mwaka ule.

"Omeshi," alisema.

Twyla alishuka ngazi. Alishuka mpaka nyasi, akapita kando ya wapiga ngoma, akasimama kwenye mstari mweupe. Mapumziko yalikuwa yameanza, na dhoruba ilikuwa imejilaza kidogo kule kaskazini. Alifungua kinywa na sauti ikagoma, kama ilivyogoma darasani. Mtu alicheka. Mwingine alimwambia, "Dada, choo kiko upande wa pili!" Alivuta pumzi, akajaribu tena.

"Omeshi!"

Ilitoka mbaya, imepasuka katikati, lakini ilifika. Haikuwa sauti kubwa. Ila kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuita jina la mtu mmoja pale uwanjani, watu walinyamaza wajue ni nani.

Kwenye safu ya juu ya jukwaa la mashariki bibi alisimama, akanyoosha blanketi lake.

"Naam," alisema. "Nimeitika. Umeniitia nini?"

Ni vizuri ijulikane mapema kwamba alichosema Twyla hakikubadilisha mambo. Bwana Pruitt alimaliza soseji yake. Thornbury walikwenda fainali wakafungwa, na dhoruba ilisafiri nao kwa basi la pili. Twyla alihamishiwa kufua jezi, chini ya jukwaa, ambako hakuna watu. Uwanja uko palepale ulipo, na wazee bado wanaita, na lango namba sita bado linapokea wenye vumbi jekundu. Wengine wote wamekaa hadi leo, wakingoja waambiwe, ingawa mzee mwenye miwani ameanza kushuka mpaka mlango wa chumba cha kufulia, na siku moja alisema jina lake bila kuulizwa. Ni bibi peke yake aliyeondoka. Aliinama kidogo kumshukuru aliyemwita, akapita langoni mbele ya Duane aliyevua kofia, akashika njia ya magharibi, akitembea haraka kuliko umri wake.

Twyla alisema hivi, akiwa kwenye mstari mweupe, uwanja mzima ukisikia:

"Nimekuita, bibi Omeshi, nikwambie walichokuitia. Hakuna. Jina lenu liliwapendeza mdomoni, nyinyi wenyewe hawakuwataka. Shamba hili ni lako, na sisi wote hapa tunajua, tumejua siku zote. Nenda kamchukue mtoto."